Mama Giza na Mkanda wa Pili

Ukivunjika mguu katika mji ule miaka hiyo, picha ya mfupa wako ilipita mikononi mwa Mama Giza kabla daktari hajaitia machoni. Wewe hukumwona, na yeye hakukuona. Alichokiona ni mifupa yako tu. Jina hilo alipewa na manesi, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kujifungia kwenye chumba cha giza cha idara ya eksirei na kusafisha picha kwa mkono. Mwanzoni lilimuudhi. Baadaye akalizoea, na mwishowe mtu akimwita kwa jina lake la kuzaliwa alikuwa anageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Palikuwa na matangi matatu: la dawa ya kwanza, inayoitoa picha, la maji, na la dawa ya pili, inayoikaza isifutike. Juu ya mlango ilining'inia taa nyekundu, na mwanga wake hafifu ndio ulikuwa jua lake la kila siku. Saa ya ukutani ilikufa katika mwaka wake wa pili kazini. Akaandika barua kuomba nyingine, akajibiwa kwamba barua imepokelewa, na habari ya saa ikaishia hapo. Mama Giza si mtu wa kubembeleza ofisi. Akajitengenezea saa yake kichwani. Akitumbukiza picha kwenye dawa, anaanza kuitaja mifupa ya mwili, polepole, kutoka juu kwenda chini: fuvu, taya, shingo, mtulinga, kombe la bega, mbavu. Akifika kwenye vidole vya mguu, dakika imetimia. Daktari mmoja mwenye kiherehere alisimama nje ya mlango siku moja na saa yake ya mkononi, apate kumuumbua. Aliondoka kimya kimya na hakurudia tena.

Alipofika umri wa kustaafu, kompyuta zilikwisha kuingia na chumba chake kimegeuzwa stoo ya mafaili. Wakamfanyia hafla fupi, wakampa zawadi ya saa ya ukutani. Alicheka mpaka machozi, na hakuna aliyejua kinachomchekesha. Yeye mwenyewe aliomba vitu viwili tu: taa yake nyekundu, na makopo ya dawa ya unga ambayo hayakuwa yamefunguliwa na hayakuwa na kazi tena. Mtunza stoo akamuuliza ya nini. Akasema ya ukumbusho. Makopo yakapanda juu ya kabati nyumbani, yakakaa huko miaka minne yakikusanya vumbi.

Yalishuka baada ya msiba wa kaka yake mkubwa.

Hapa inabidi kwanza nieleze habari za mama yao, yeye na kaka na mdogo wao. Mama huyo hakuwahi kuonekana kwenye picha hata moja. Si kwa kukosa nafasi, maana kaka alikuwa na kamera yake ya sanduku tangu ujana, na hapakuwa na mbuzi wala baiskeli mtaani ambayo hakuipiga. Ilikuwa ukaidi mtupu. Akisikia tu mfuko wa kamera unafunguliwa, mkono wake unapanda usoni, kiganja wazi, na haushuki mpaka kaka achoke. Alikuwa na pengo la jino la mbele, na alisema hataki wajukuu waje kumcheka akiwa hayupo wa kuwajibu. Akafa kwa homa ya wiki moja tu. Mama Giza alikuwa na miaka kumi na tisa. Mdogo wao wa mwisho alikuwa na mitatu.

Mdogo huyo sasa ni mshonaji, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwenye vidole vinavyoweza kutia uzi kwenye sindano huku anazungumza na mteja. Mama Giza ndiye aliyemlea, na tangu akiwa anajifunza kufunga vifungo swali lake lilikuwa moja: mama alikuwaje? Majibu hayakukosekana. Alikuwa mrefu. Alikuwa na sauti nzito. Alikuwa mkali wa usafi. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mama Giza hakumwambia mtu, na lilimkosesha raha kuliko hata mtoto wa jicho aliyekuwa anamfifishia macho. Uso wa mama ulikuwa umeanza kumtoka. Akifumba macho anakiona kile kiganja, na nyuma ya kiganja haoni kitu.

Basi kaka alipofariki, ndani ya sanduku lake wakakuta kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo mikanda miwili ya picha, ile mipana ya zamani, iliyoviringishwa kwenye karatasi nyeusi na kufungwa kwa gundi. Palikuwa na kikaratasi pia, mwandiko wake wa kulala upande. Kiliandikwa: *Mama yumo kwenye mmoja. Nilimnasa siku ambayo mkono wake haukuweza kupanda. Sikumbuki ni upi, na sikuthubutu kuisafisha. Maadamu haijafunguliwa, bado yumo.*

Mshonaji alikisoma, akakaa chini palepale kwenye sakafu.

Walianza kwa kwenda kwa Bwana Studio, jirani anayepiga picha za pasipoti mtaa wa pili. Aliishika mikanda kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake. Akawaambia mkanda ukikaa miaka arobaini na mitano haubaki na kitu, ni uchafu, na hata ungekuwa na kitu dawa za kuusafisha hazipo tena mjini, kila kitu siku hizi ni kompyuta. Mshonaji akasema ana mteja mwenye ndugu ng'ambo, labda huko wapo wataalamu. Hapo ndipo kichwa kilipomvimba Mama Giza. Wataalamu gani hao? Yeye alikuwa anasafisha picha kabla hao wataalamu hawajaota meno. Dawa ziko juu ya kabati, beseni zipo, mikono ipo. Alijipiga kifua pale dukani mbele ya watu watatu waliosubiri pasipoti, na mdogo wake, ambaye maisha yake yote alimwamini dada huyu kuliko mtu yeyote, akakubali.

Jumamosi asubuhi Mama Giza aliziba dirisha la stoo ya nyumbani kwake kwa mablanketi, akajaza nguo kwenye upenyo wa chini ya mlango, akapanga beseni tatu juu ya meza. Akakoroga dawa. Akaitundika taa yake nyekundu kwenye msumari, akaiwasha, na moyo wake ukatulia kabisa. Alijiona amerudi kazini. Akaufungua mkanda wa kwanza chini ya mwanga ule ule uliomlisha miaka thelathini na moja, akautumbukiza, akaanza: fuvu, taya, shingo.

Ulitoka mweusi ti. Mwanzo hadi mwisho, mweusi kama lami, hapana hata alama ya kucha.

Aliondoa blanketi dirishani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauweka mkanda kwenye mwanga wa dirisha, akauchunguza kwa lenzi yake ya kusomea. Na kwa bahati mbaya yeye alijua kusoma filamu. Mkanda ulioharibiwa na uzee huwa wa kijivu, kama moshi. Huu ulikuwa umeungua mpaka kwenye kingo, sehemu ambazo hata kamera haizifikii. Mkanda huu ulikuwa umepigwa na mwanga, na ndani ya stoo ile palikuwa na mwanga mmoja tu. Akageuka akaitazama taa yake. Filamu ya eksirei haijali nyekundu. Hii ya kamera inajali, na yeye hakuwahi kuishika ya kamera hata siku moja maishani mwake. Mtu mwingine yeyote angejua kuwa hajui, akauliza. Yeye alikuwa anajua sana.

Angeweza kusingizia uzee wa mkanda. Bwana Studio alishasema, na mashahidi walikuwepo. Wazo hilo lilimjia, siwezi kumsafisha zaidi ya alivyo, na likakaa naye kwa muda wa mizunguko miwili ya mifupa. Kisha akajikaza kisabuni, akatoka nje, akamkuta mdogo wake amekaa kwenye ngazi amekumbatia magoti.

"Mdogo wangu, nimeuunguza," alisema. "Si mkanda, ni mimi. Ni taa yangu."

Mshonaji hakugombana, na bora angegombana. Aliingia ndani, akalichukua kopo la majani ya chai lenye mkanda uliobaki, akalitia kwenye mkoba wake wa nguo za wateja, akaondoka. Wiki mbili hakupiga simu. Mama Giza alipompigia, akajibiwa na mwanafunzi wake wa cherehani kwamba mwalimu anapima mtu. Kwa wiki mbili mwalimu alikuwa anapima mtu.

Wiki hizo Mama Giza hakulia. Alitafuta wa kumuuliza. Alirudi kwa Bwana Studio, akameza mate, akamweleza alichofanya. Bwana Studio akacheka, tena si kidogo, akaegemea kaunta. Alipomaliza akafuta macho, na kwa mara ya kwanza akaanza kuzungumza kama fundi. Baba yake alikuwa fundi wa picha wa zamani. Mkanda wa kamera, akasema, unataka giza tupu, lile ambalo ukiweka mkono mbele ya pua huuoni. Mkanda mzee unataka dawa baridi na dakika chache. Unashikwa ncha mbili, unapandishwa na kushushwa ndani ya beseni bila kusimama. Baba yake alikuwa akifanya hivyo, lakini baba yake alikuwa kijana mwenye macho. "Na wewe, shangazi, kwa macho yako hayo..."

"Gizani macho ya kazi gani?" Mama Giza akamuuliza.

Bwana Studio akamtajia dakika zenyewe: tano, zisizidi sana.

Mama Giza akarudi nyumbani akauchukua ule mkanda ulioungua, akafanya nao mazoezi. Alijifunga kitambaa machoni, akajaza maji kwenye beseni, akaupandisha na kuushusha, kulia juu, kushoto juu, akihesabu mifupa. Akafanya hivyo asubuhi na alasiri. Alijifunza kuhama kutoka beseni hadi beseni kwa kuhesabu hatua. Alijifunza kuufungua mkanda kutoka kwenye karatasi yake bila kuukwaruza, na kuutambua upande wa dawa, maana ukilowa huteleza kidogo kama samaki. Siku ya kumi na mbili alifanya kazi yote, mwanzo hadi mwisho, bila kumwaga hata tone, akavua kitambaa, akajiambia kwa sauti kwamba Mama Giza ni jina lake na leo amelistahili.

Ndipo akaenda mwenyewe kwenye kibanda cha mshonaji. Hakumbembeleza. Alimweleza kosa lilikuwa nini na sasa anafanyaje, hatua moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akimweleza daktari. Mshonaji alisikiliza bila kuinua uso kutoka kwenye pindo alilokuwa analitengeneza.

"Na ukiharibu na huu?" akauliza.

"Nikiharibu, utakuwa umempoteza kwa mikono yangu, na sitakuwa na la kukuambia mpaka nife."

Mshonaji akakata uzi kwa meno. Akasema atautoa, lakini kwa sharti moja: safari hii hatakaa kwenye ngazi. Ataingia naye ndani. Na jambo hili halikuwa dogo, maana huyu ni mtu ambaye hadi leo, mwanamke mzima, analala na taa ya ukumbini ikiwaka.

Wakaingia stooni saa nne asubuhi, jua likiwaka nje, na Mama Giza akafunga mlango. Ile taa nyekundu ilikuwa imefungiwa kabatini. Giza lilikuwa nene, na mshonaji akaanza kuhema kwa nguvu. Mama Giza akamwambia aweke mkono mgongoni kwake asiuondoe. Kisha akavunja gundi, akauachanisha mkanda na karatasi. Akauzamisha kwenye maji. Akahama hatua moja.

"Sasa," akasema, na mkanda ukaingia kwenye dawa. "Fuvu. Taya. Shingo. Mtulinga."

Mzunguko wa kwanza ukaisha, na wa pili. Mshonaji akaanza kuitaja mifupa pamoja naye kwa sauti ya chini, maana alilelewa ndani ya nyumba ambayo wimbo wa kulalia mtoto ulikuwa huo. Kuhema kwake kukatulia. Kwenye mzunguko wa nne, walipofika kwenye mbavu, bega la kulia la Mama Giza likakaza. Likakaza kama bawaba iliyoota kutu. Mkono ukagoma kupanda, na mkanda ukasimama ndani ya dawa, na mkanda ukisimama picha inaingia mabaka.

"Njoo kulia kwangu," akasema haraka. "Telezesha mkono kwenye mkono wangu mpaka kwenye ncha. Umeipata? Kingoni, usiguse katikati."

Vidole vya mshonaji vikaikuta ncha, vikaishika kwa kingo kama vinavyoshika hariri ya bibi harusi. "Nimeipata, dada."

"Nikishusha, pandisha. Kilegesambwa. Muundi. Kifundo."

Wakafanya hivyo wakiwa wamesimama uso kwa uso wasionane, mmoja anashusha, mwingine anapandisha, na mkanda ukaendelea kwenda na kurudi. Walimaliza mzunguko wa tano, na Mama Giza akaongeza nusu, akaishia kiunoni, kwa sababu ambayo hakuweza kuieleza hata alipoulizwa baadaye. Alisema tu vidole vilimwambia bado. Kisha maji, kisha dawa ya pili. Mizunguko kumi kwenye dawa ya pili, na kwa jinsi walivyoivuta ile mizunguko, nadhani ilikuwa kumi na tano.

Akafungua mlango. Mwanga ukawajaa machoni. Mkanda ulikuwa unachuruzika maji, wa kijivu kama moshi, na ndani ya moshi mlikuwa na vitu.

Mshonaji akaubeba kwa mikono miwili hadi dirishani, akatazama, na uso ukamwanguka. Aliona mazimwi. Watu wenye nyuso za rangi ya majivu na nywele nyeupe, mbingu nyeusi, kivuli kinachong'aa. "Sielewi kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Hakuna mtu hapa, dada."

Lakini Mama Giza alikuwa ameutumia ujana wake wote kusoma dunia iliyogeuzwa hivyo, ambamo mfupa ni mweupe na hewa ni nyeusi. Akaishika lenzi, akasogeza jicho lake lililo zima zaidi karibu kabisa na mkanda, akaanza kusoma kutoka picha ya kwanza. Hii ni baiskeli ya kaka. Hii ni baiskeli ya kaka tena, alikuwa anaipenda mno. Huyu ni mbwa wa jirani. Hii imetikisika. Picha ya tano, ya sita, ukuta, mti, baiskeli. Kwenye ya tisa lenzi ikasimama.

Mshonaji akamwita mara mbili.

"Tulikuwa tunakamua shuka," akasema Mama Giza, na machozi yakawa yanamshuka bila yeye kuyashughulikia. "Hii hapa, hii nyeusi ndefu iliyosokotwa, ni shuka nyeupe. Huyu wa mwisho huku ni mimi. Na huyu wa huku, mikono yote miwili iko kwenye shuka. Chini kulikuwa na tope. Kaka alitokea nyuma ya tangi la maji na kamera, na mama hakuweza kuinua mkono, maana angeiachia ingeanguka kwenye tope, na hakuna shuka aliyoifua mama ikaanguka kwenye tope." Akasogeza lenzi. "Anacheka. Hasira na kicheko pamoja. Tazama mdomoni: jino jeusi, jino jeusi, halafu doa jeupe. Ndilo pengo lake. Macho ni yako. Hiki kipaji cha uso ni chako. Huyu ni mama, mdogo wangu. Huyu ndiye."

Na uso ukamrudia wote. Haukuja kipande kipande. Ulikuja na sauti yake, na maji yaliyokuwa yanachuruzika kutoka kwenye shuka, na jinsi alivyokuwa akimkodolea macho binti yake wa miaka kumi na minane ambaye alikuwa anacheka hadi mikono inalegea.

"Mdomo uko wazi," mshonaji akasema polepole. Alikuwa ameanza kuona. "Kuna kitu anasema. Anasema nini?"

"Ananiambia mimi," Mama Giza akajibu. "Anasema, usiachie."

Mshonaji akacheka. Tangu utotoni alikuwa na tabia ya kufunika mdomo kwa mkono kila anapocheka, na hakuna aliyemfundisha. Safari hii mikono yote miwili ilikuwa imeshika mkanda uliolowa, na haikuwa na pa kwenda. Akabaki anacheka na kulia mbele ya dirisha, uso wazi, na Mama Giza akaiweka lenzi mezani ili amtazame yeye.

Bwana Studio ndiye aliyeichapa picha kwenye karatasi. Alimwita Mama Giza nyuma ya kaunta, akampa kiti, na baada ya kuzunguka zunguka akakiri kwamba baba yake aliacha mikanda sita ambayo haikusafishwa, na yeye mwenyewe angekuwa amekwisha kuitupa kama si woga. Mama Giza akamwambia ailete Jumatano, pamoja na yeye mwenyewe, maana atahitaji mtu wa kushika ncha ya pili.

Picha ikatiwa kwenye fremu kubwa. Pale sebuleni palikuwa na msumari mmoja tu mzuri, nao ulikuwa umeshika ile saa ya hospitali. Mama Giza akaishusha saa, akaiweka kabatini kando ya taa nyekundu, na mama yao akapanda ukutani akiwa anacheka, mikono yake imejaa.